Nyumba Zenye Zinajua Kukimbia

Ni mimi nilifundisha nyumba za Mabaoni kukimbia. Munisikilize vizuri, ninyi vijana wenye munapita na nyundo kiunoni kama pistoleti. Zamani, mbele yangu, nyumba ya mbao kule kwetu juu ya mulima wa Bukavu ilikuwa inajengwa, inaungua, basi. Tangu mimi, ilikuwa inajengwa, inafunguliwa, inabebwa kichwani, inajengwa tena. Watu walinishukuru. Padiri alinitaja mu misa. Leo mukono wangu wa kuume haufungi tena, vidole vimekaa kama reki, bibi yangu njo ananilisha na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, zenye anauzisha, na ninyi munakuja kila siku kuniuliza: "Papa Cirhuza, ile musumari nusu unaipigaka je?"

Nitawaambia. Lakini mutakunywa chai pamoja na majani yake.

Mimi sikusoma. Nilifika troisième primaire, darasa la tatu, kiti cha mwalimu kikavunjika, akaniambia nikitengeneze, nikakitengeneza, na tangu siku ile hakuna mutu mwenye aliniuliza tena habari ya hesabu. Nikaingia kwa Muzee Zihalirwa, sharpantie, fundi mbao wa zamani, mutu mwembamba mwenye kukasirika asubuhi na jioni, mchana anapumzika. Sheria yake ilikuwa moja: musumari ni kama ndoa ya kanisa, ukiingia hautoki. Alikuwa anapita nyuma yako na tenaye, ile koleo ya kung'oa, anavuta kichwa cha kila musumari. Ukitikisika, siku ile unakula bugali bila mboga.

Nyumba yangu ya kwanza, niliweka mulango ufunguke kwa inje, upande wa mteremko. Mwenye nyumba alikuwa katekista. Asubuhi moja ya mvua akasukuma mulango na haraka ya kwenda kanisani, na akaamkia juu ya paa ya jirani wa chini. Alikuja kulia kwa Muzee. Muzee akamuuliza:

"Manjanja ya jirani ilipasuka?"

"Hapana, Muzee."

"Sasa shukuru. Ile paa nilipiga mimi mwenyewe."

Manjanja ni mabati, kama kuna mutu anasoma hii akiwa mbali na sisi. Na Mabaoni ni jina lenye watu wenyewe walipatia mutaa wetu, juu ya mbao. Nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamujibu bila kuamka kitandani. Katikati kuna njia moja, ya watu wawili kupishana kama mumoja wao amekonda. Kiangazi, mbabula moja, jiko la makaa, ikianguka, ao waya moja ya umeme ya kuiba ikipata moto, mutaa unaondoka kama karatasi. Niliona hiyo mara ya kwanza nikiwa kijana. Niliona papa mumoja anapiga ukuta wake na jiwe, anataka kutoa hata mbao tatu, na ukuta haumusikilizi. Ulikuwa ukuta wa Muzee Zihalirwa. Misumari ilikuwa imeoa kweli.

Njo pale kichwa yangu ikafanya kazi. Bahati mbaya.

Shikeni sasa, ndiyo yenye munatafuta. Musumari wa dix, sentimita kumi, kwa shevro zenye kubeba nyumba, wa huit, nane, kwa mbao, na kichwa chake usikiingize. Acha unene wa ukucha wa kidole gumba, tenaye ipate pa kuuma. Paa usiipige musumari hata moja. Kata kaushu, ile mupira ya ndani ya gurudumu la pikipiki, fanya kamba, funga manjanja nayo. Kisu kinapita mara moja, paa iko chini. Halafu andika numero kwa makala ya jiko upande wa ndani, unaanzia mulangoni, unazunguka kwa mukono wa kushoto mpaka unarudi mulangoni. Mutoto wa première primaire anaweza kuijenga tena.

Tulijaribu mbele ya watu wote. Maman mumoja akaweka maji ya bugali kwa moto. Maji hayajachemka, nyumba ilikuwa imelala mu njia, imepangwa kama barua mu anvelope. Watu walipiga kelele kama vile timu yao imefunga goli. Mwezi ule nilijenga nyumba nane, na Papa Ramazani, mwenye kenkayeri, duka la misumari na manjanja, pale chini kwenye lami, mutu wa zile familia za Kiislamu za biashara, alinipatia kofia.

Kulikuwa makosa madogo, sitaficha. Maman mumoja alichoka na bwana yake juu ya pombe ya kasiksi. Bwana akarudi siku moja amelewa, akakuta mulango peke yake umesimama, umefungwa na kufuli. Bibi alikuwa amebeba nyumba kwao Mumosho. Yule papa alipiga hodi. Mwingine alienda matanga Lwiro, akarudi siku ya tatu, kiwanja kimefagiliwa. Nyumba tuliikuta mutaa wa pili, imesimama vizuri, numero zote mahali pake. Mwizi alikuwa mutu wa kufuata kazi ya fundi, hata mimi nilimuheshimu.

Tulicheka sana mu ile miaka. Na hapa njo ninataka mushike pia, ninyi watu wa mita na nyundo. Wakati sisi tunacheka, kulikuwa robine, bomba la maji, ya serikali pale katikati ya Mabaoni, na bomba kubwa la pompie, wale wazima-moto, rangi nyekundu, lenye watu wa zamani walipanda pale. Ilikuwa kavu tangu sikumbuki. Mamans walikuwa wanaanikia nepi za watoto juu yake. Na gari ya pompie tuliionaka siku ya defile ya sikukuu, inang'aa, inapita polepole kama bibi-arusi, halafu inarudi kulala. Kama ingetaka kuja kwetu, ingebaki chini kwenye lami, juu ya vile njia yetu haikuingia hata punda mwenye mzigo. Kila mutu alijua. Ukimuuliza, alikuwa anainua mabega yote mbili, anasema: "Tutafanya je? Ni Congo."

Siku moja Honorabule Bahizire, mubunge wetu, akapanda kwetu, wiki mbili mbele ya kura. Alikuja na miguu, viatu mu mukono ya mulinzi wake. Shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu, Mugisho, akamuonyesha nyumba ya musumari nusu, tukaifungua mbele yake, tukaijenga tena. Honorabule akatoa machozi kidogo.

"Bandugu yangu ya Mabaoni!" akasema. "Banasemaka serikali haifanye kitu. Serikali ni nani? Serikali ni sisi bote! Ninyi mulingoja mutu? Hapana! Muliona moto, mukatafuta solisyon! Hii njo population yenye inakomaa! Na huyu fundi wenu, huyu ni waziri!"

Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Wakati ule ilikuwa bado mikono miwili. Hakuna mutu mwenye aliuliza: "Na robine?" Mutu wa kuuliza alikuwa mumoja, na alikuwa sokoni anauzisha maharagwe. Alikuwa Maman Nabintu.

Maman Nabintu ni mujane. Bwana yake alimuachia kiwanja kimoja pale katikati ya njia, na binti mumoja, Mapendo. Mapendo alikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Miguu yake ililala tangu utoto, homa ilipita ikaenda nayo. Alikuwa anakaa kwenye mulango anashona nguo kwa mukono, na ulimi wake ulikuwa na sindano pia. Ukipita na suruali imepasuka, usitumaini.

Nilienda kwao kumuambia maman yake nimujengee nyumba ya kukimbia kama wengine. Walibaki wao peke yao na nyumba ya zamani. Maman Nabintu akasema:

"Mimi nitakupatia kazi, Fundi, lakini piga musumari mpaka mwisho. Sitaki nyumba ya kukimbia."

"Maman, juu ya nini? Moto ukikuja utapoteza mbao."

Mapendo akainua kichwa kutoka kwenye nguo.

"Papa Cirhuza, nyumba yako inajua kukimbia. Mimi sijui. Sasa moto ikikuja, mutabeba nani mbele, mimi ao numero kumi na ine?"

"Mapendo, mutoto wangu, sisi bote tutakubeba!"

"Sawa," akasema. "Uniandikie numero pia, musinisahau."

Nilicheka. Nikapiga misumari yote mpaka mwisho kama Muzee Zihalirwa alinifundisha, na nikaenda kumuchekesha bibi yangu na ile maneno.

Maman Nabintu alijaribu kila mulango, musifikiri alikaa tu. Walimuambia kuna biro ya serikali ya kusaidia watu kama Mapendo. Akaniomba nimubebe. Nilimubeba kwa mugongo, toka Mabaoni mpaka mujini, maman yake nyuma na serviete, mukoba wa makaratasi. Biro ya watu wenye hawatembei ilikuwa kwenye etaje, ghorofa, ya tatu. Hakuna kitu cha kupandisha mutu isipokuwa miguu. Nilipanda, jasho linaingia macho, Mapendo ananiimbia mu sikio nyimbo za harusi. Juu tukakuta papa mumoja na meza yenye dosie, mafaili ya watu.

"Anaumwa nini?"

"Hatembei," Maman Nabintu akajibu.

"Iko na atestasyon ya kuonyesha hatembei?"

"Papa, si unamuona?"

"Maman, mimi ninamuona. Dosie haimuone."

Akaturudisha tulete atestasyon. Tukaleta, nikamupandisha tena. Papa wa meza akasema mwenye kusaini ameenda misyon ya kazi Kamanyola. Mara ya tatu mwenye kusaini alikuwepo, lakini alisema mambo ya kusaidia yameisha, imebaki mambo ya kuandika majina. Akaandika jina. Tukishuka, Mapendo akaniambia: "Papa Cirhuza, ile biro ni nzuri. Wanatibu kweli. Ukienda mara ine, miguu inaota." Mimi nilikuwa nataka kumutukana yule papa. Lakini nilipofika chini niliinua mabega, nikasema ile sala yetu ya "tutafanya je". Mapendo alikuwa bado kwa mugongo wangu. Mabega yakamuinua naye.

Kisha maman yake akafanya barua. Mwalimu mumoja alimuandikia. Barua iliomba vitu viwili tu: maji irudi mu bomba la pompie, na komine, biro ya serikali ya mitaa, ije ipime njia, kila nyumba irudi nyuma upana wa mulango mumoja, gari ipande. Akapita nayo nyumba kwa nyumba, na wino wa kidole mu kikopo cha Vaseline. Nitawataja wote, juu wananisoma, na wenye hawajui kusoma watasomewa.

Shefu Mugisho alisema ni barua muzuri sana, lakini kashe yake, muhuri, iko na bibi yake, na bibi yake ameenda shamba. Alikaa shamba miezi ine, yule bibi, na kila jioni tulimuona anapika.

Katekista, yule wa juu ya paa, alisema: "Tuombee kwanza." Bado anaombea.

Papa Ramazani alisema: "Maman, mambo ya inchi ni ya wenye inchi. Mimi ni mugeni." Babu yake amezikwa pale pale mulimani. Siku ya kuuza misumari yeye ni mutoto wa Bukavu, siku ya kusaini yeye ni mugeni wa pwani.

Wengine wote walisema ile ni siasa, na siasa inaletea mutu mambo. Na kila mutu alipima kwa macho ule upana wa mulango wenye angepoteza.

Halafu akafika kwangu. Nilikuwa nanoa msumeno. Nikamuambia, na nikacheka nikisema: "Maman Nabintu, njia ikipanuka na maji ikitoka, mimi utanilisha na nini?"

Yeye hakucheka. Akafunga kikopo chake. Barua ilienda na alama mbili, yake na ya Mapendo, na haikujibiwa. Lakini musiseme ni komine peke yake haikujibu.

Moto wa kwanza nyuma ya ile barua ulikuja kiangazi, siku ya posho, Jumamosi, saa sita ya mchana. Mbabula ya juu kabisa ilipinduka. Kelele moja, "Motooo!", na muone sasa kazi yangu muzuri: hakuna mutu hata mumoja mwenye alikimbilia maji. Tenaye zilitoka kama panga. Tak, tak, tak, misumari inatoka, kisu kinapita kwenye kaushu, manjanja zinashuka. Mimi nilisimama pale na furaha, Mungu anisamehe, nasikia ile sauti kama mwalimu wa koro ya kanisa. Halafu nikaona mbao zinaenda wapi. Zinaenda mu njia. Nyumba zote za Mabaoni zililala mu njia moja, mbao, magodoro, manjanja, makabati, mpaka kifua cha mutu. Njia ilizibwa. Na Mapendo iko ndani, katikati, maman yake iko sokoni.

Nilipanda juu ya ile rundo na magoti. Mbao za majirani zilikuwa zimeegemea mulango wao, haufunguki. Nikazunguka nyuma na pie-de-bishe, ile chuma ya kung'oa mbao. Nikasikia sauti yake ndani:

"Papa Cirhuza! Kazi yako ni nguvu sana! Leo punguza!"

Misumari yangu yote ilikuwa mpaka mwisho. Mbao ya kwanza ilinichukua muda wa kusali rozari. Ya pili ikatoka. Nilimuvuta kwa mikono, na shevro ya jirani, inawaka, ikaanguka juu ya ule mukono wa kuume ikalala pale. Njo hii reki munaona. Mapendo alitoka na nywele zimeungua upande mumoja. Alinitazama mukono, akalia yeye, mimi nilikuwa sijaanza bado.

Jioni ile Mabaoni ilikuwa wazi. Majivu, na pale chini, kando ya lami, mulima wa mbao zenye watu waliteremsha zikaokoka. Mara ya kwanza mu maisha yangu niliona toka chini mpaka juu bila kitu cha kuzuia macho. Gari ingepita. Gari mbili zingepita zikipishana.

Na hapa kosa moja la ufundi. Kila nyumba ilikuwa na numero moja, mbili, tatu, kuanzia mulangoni. Sasa mbao zote zilikuwa zimechanganyika, moja ziko kumi na tano, mbili ziko kumi na tano, saba za kila namna. Saba ya nani ni ya nani? Mutu wa kujua alikuwa mumoja, juu ni mukono wangu uliandika, na kila nyumba niliiandika tofauti kidogo, huyu saba na mukia, huyu saba na fimbo. Mabaoni yote ilikuwa inangoja mudomo wangu.

Maman Nabintu akakuja, amekaa chini mbele yangu, mukono wangu umefungwa na kitambaa.

"Fundi, asante kwa Mapendo. Sasa ninakuomba siku tatu. Usiseme numero. Siku tatu tu. Asubuhi ninaenda komine na mwalimu, tunaleta mutu wa kupima. Wataona pako wazi. Nyumba zikisimama tena, hakuna mutu atarudi nyuma hata kidole."

Nikamuambia ndiyo. Niliona Mapendo amelala juu ya godoro chini ya muti wa waya za umeme, nikasema ndiyo ya kweli.

Siku ya kwanza nilishika. Mutu wa komine alisema atakuja kesho, hana mafuta ya pikipiki. Siku ya pili mamans walikuja na watoto wenye kikohozi, usiku ulikuwa baridi. Shefu Mugisho akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Fundi iko nafunga batu inje kwa juu ya mumaman mumoja." Nilishika bado. Halafu Papa Ramazani akakuja, akanishika bega, akaniita enjenyeri. "Enjenyeri," anasema, "batu bako nakungoja." Mutu wa troisième primaire. Mutaniuliza kama ni kikohozi cha watoto kilinishinda. Ningependa kusema ndiyo.

Nilikaa juu ya bidon ya maji, wakanipitishia mbao moja moja, nikawa nasoma: hii ya katekista, hii ya Maman Furaha, hii ya kwako. Kufika jioni, Mabaoni ilikuwa imesimama. Hata mimi sikuamini upesi wake. Njia ilikuwa kama zamani, kidogo nyembamba zaidi, juu katekista alichukua nafasi aongeze jikoni. Mutu wa komine alikuja siku ya tatu, na mita yake. Akatazama, akauliza Maman Nabintu: "Maman, pa kupima ni wapi?"

Maman Nabintu hakunitukana. Aliniomba tu nimutumie mwanafunzi amujengee, juu mukono wangu ulikuwa umekufa. Angeenda wapi? Kiwanja kilikuwa kile kimoja.

Kiangazi chenye kilifuata, moto tena. Saa tisa ya mchana. Tak, tak, tak. Sitasema maneno mengi. Njia ilizibwa kama ile siku. Nilikuwa na mukono mumoja wa kupanda nao juu ya mbao. Nilipiga kelele: "Mapendo iko ndani! Muache mbao!" Nilimushika katekista kwa shati. Alikuwa amebeba numero tisa na kumi. Akaniambia, na alikuwa analia, sio mutu mubaya: "Niweke hizi tu, nakuja." Wote walikuwa wanaweka hizi tu, wanakuja. Walikuja kweli, wengi, na mikono mitupu na nguvu nyingi. Walichelewa na muda wa mutu mumoja kuweka mbao mbili chini.

Maman Nabintu alifika toka sokoni na kikapu bado kichwani.

Mu matanga ya Mapendo watu walijaa. Shefu Mugisho alisema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Mu ile kazi, Mungu hakushika tenaye hata mara moja, lakini kosa wanaliandikaka kwa jina lake kila siku. Honorabule Bahizire alituma manjanja, na picha yake imebandikwa juu ya kila moja, anacheka. Watu walipanga mustari kuzichukua. Siku ya ine kijana mumoja wa wale nilifundisha akanifuata, na heshima yote, akaniambia amepata mawazo: kitanda cha mugonjwa kifungwe magurudumu ya brueti, ile toroli ya kusukuma, kiwe pia cha kukimbia. "Papa, unaona je?" Nilimupiga na ule mukono wenye haufungi. Uliniuma mimi.

Siku hizi wakubwa ni wengine, kashe ni ingine, robine ni ile ile. Watu wa Mabaoni walitazama wanabadilika, wakainua mabega, wakarudi kupika.

Maman Nabintu alirudi kwao kijijini. Hakuuza kiwanja. Alikuja kwangu na karatasi ya kiwanja, akasema: "Papa Cirhuza, kikae hivi." Njo maneno yote alisema. Ni mahali pamoja katikati ya Mabaoni penye hakuna nyumba, hatua kumi na tatu ukitembea. Kila asubuhi ninapeleka kiti pale, ninakaa mpaka jua linashuka. Wiki ya kwanza mutu alileta shevro ine, nikamurudisha. Wiki ya pili katekista alitaka kuanika maharagwe, nikamurudisha. Wananiita mulinzi wa hewa. Watoto wanapita wananipigia saluti.

Juzi Shefu Mugisho akakuja na kijana mumoja wa nyundo, labda ni mumoja wenu, na mita imetolewa tayari.

"Papa Cirhuza, sasa uko nachunga nini hapa?"

"Njia."

Akacheka, akamutazama kijana, akanitazama mimi. Akapima kwa miguu yake toka upande huu mpaka ule, pale ukuta wa nyumba yake unaanzia, anahesabu kwa sauti ili wenye wako kwenye milango wasikie. Akarudi.

"Muzee, njia ya kwenda wapi? Ni hatua kumi na tatu!"

"Nimezihesabu," nikamujibu. "Ya kumi na ine ni kwako."